Liyongo wa Ozi: Tukikusanya Hadithi Zake, Tuchague Zipi?

Ukiteremka kutoka Garsen ukaufuata mto Tana kuelekea baharini, utafika Ngao, kijiji cha Wapokomo kilicho ukingoni mwa mto, penye miembe, migomba na mashamba ya mpunga. Ukizidi kuteremka utafika Ozi, kisha Kipini, mahali ambapo maji matamu hukutana na maji ya chumvi. Nchi hii yote, tangu Ngao hata Kipini, ndiyo nchi ya Fumo Liyongo. Huko Ozi, karibu na Kipini, hata leo wageni huonyeshwa kaburi linalosemwa kuwa ni lake.

Ndugu msomaji, hapana mtu wa pwani asiyelijua jina la Liyongo. Bibi zetu walitusimulia habari zake tungali wadogo, na nyimbo zinazosemwa kuwa ni zake zimeimbwa katika ngoma za arusi za Lamu na Pate kwa miaka mingi. Lakini mwulize kijana wa leo akusimulie maisha ya shujaa huyu kutoka mwanzo hata mwisho. Atakwambia habari ya sindano, na pengine ya mkate, kisha atanyamaza. Vijana hao hao wanaweza kukutajia mashujaa wote wa vitabu vya picha vya Marekani. Wanamjua hata yule mwanamke mwenye nguvu, Wonder Woman, aliyeanza kuchorwa mwaka 1941, ambaye huzikinga risasi kwa vikuku vyake. Wapenzi wake hubishana juu ya visa vyake: ni vipi vinavyostahili kutiwa katika kitabu kimoja cha kuwekwa, na ni vipi viachwe.

Basi na sisi tujiulize swali hilo hilo juu ya shujaa wetu. Lau ingetolewa leo juzuu moja ya hadithi za Liyongo, ikasomwe na watoto wa Lamu, wa Kipini na wa Ngao, tungetia hadithi zipi? Swali hili si la mchezo. Watoto watakaokisoma kitabu hicho ni wa makabila mbalimbali, na karibu wote wana babu zao ndani ya kisa hiki. Kuna Waswahili, kuna Wapokomo, kuna Waorma, kuna Wasanye na Wadahalo. Ukichagua vibaya, utamwambia mtoto mmoja kuwa babu yake alikuwa shujaa, na mwenzake kuwa babu yake alikuwa mwuaji wa kukodiwa.

HADITHI ZILIVYOTUFIKIA

Lini hasa aliishi Liyongo, wataalamu hawajaafikiana. Wako wanaomweka katika karne ya 12 au ya 13, na wako wanaomleta mbele hata karne ya 16 na kuendelea. Hao wa pili hutoa hoja kwamba hadithi yenyewe yawataja Wagala, na Wagala, ndilo jina ambalo watu wa pwani waliwaita Waorma na jamaa zao, hawakufika pande hizi kabla ya wakati huo. Wale wa kwanza hujibu kwamba jina la Wagala laweza kuwa limetiwa baadaye na wasimulizi, mahali pa watu wengine waliokuwako zamani. Kama hilo ni kweli, basi kabila zima limebebeshwa sehemu katika kisa ambacho halikuwamo. Tutarudi katika jambo hili.

Maandishi tuliyo nayo ni ya juzi juzi tu. Mwaka 1870 Edward Steere, mmishonari wa Kiingereza aliyekaa Unguja, alipiga chapa kitabu cha hadithi za Kiswahili, na ndani yake mkawamo habari za Liyongo kwa maneno ya kawaida, pamoja na shairi lake lililofanyiwa takhmisi. Takhmisi hiyo husemwa kuwa ni kazi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, yule yule mtungaji wa Al-Inkishafi. Kisha mwaka 1913, sawa na mwaka 1331 wa Hijra, akatokea Muhamadi Kijumwa wa Lamu, mshairi, mwandishi wa hati nzuri na mchongaji wa milango, aliyefariki mwaka 1945. Yeye ndiye aliyekitia kisa chote katika utenzi wenye beti zaidi ya 200, na utenzi huo ndio unaojulikana zaidi hadi leo.

Katika miaka hiyo hiyo alipita mto Tana bibi mmoja wa Kiingereza, Alice Werner, aliyezaliwa mwaka 1859 na kufa mwaka 1935, ambaye baadaye alisomesha Kiswahili London. Huko mtoni, wamishonari wa Kijerumani wa Neukirchen walikuwa wamekwisha fika tangu mwaka 1887, na Ngao ilikuwa moja ya vituo vyao. Bibi Werner alizikusanya ngano za Wapokomo na kuzichapisha mwaka 1913, kisha katika miaka ya 1920 akaandika kirefu juu ya Liyongo. Hivyo kisa cha Liyongo kina mizizi miwili: mmoja uko visiwani, katika hati za Lamu na Pate, na mwingine uko mtoni, katika vinywa vya watu wa Tana na Ozi.

MKOBA NA MKOMA

Sasa na tuyafuate maisha yake, tukichagua huku tunakwenda.

Liyongo alizaliwa katika ukoo wa wafalme, na mji wake ulikuwa Shaka, pwani ya pande hizo za Ozi. Mamake aliitwa Mbwasho. Alikuwa mtu mrefu kupita watu wote, mwenye nguvu zisizo kifani, fundi wa kupiga uta na fundi wa kutunga nyimbo. Alipendwa na watu. Mfalme wa wakati huo, Daudi Mringwari, ambaye utenzi unamweka Pate, alikuwa ndugu yake. Wengine husema ni ndugu wa baba mmoja, wengine husema ni binamu. Ama husuda ilianza hapo. Mfalme anapoona mapenzi ya raia yanamwelekea mtu mwingine wa damu yake, hapati usingizi.

Hadithi ya kwanza ya kutiwa kitabuni ni ile ya mkoba. Wagala walikuja Pate kufanya biashara, wakasikia sifa za Liyongo, wakataka kumwona kwa macho yao. Akaitwa. Safari ya siku nne aliikata kwa siku moja. Alipofika mlangoni mwa mji alipiga pembe, na mji mzima ukashikwa na fadhaa. Kisha akaushusha mkoba wake, akatoa kinu na mchi, akatoa jiwe la kusagia, akatoa vyungu na mafiga matatu ya kupikia. Nyumba nzima ilikuwa begani mwake. Wageni walistaajabu sana, wakaomba aoe kwao wapate mbegu ya mtu kama yeye. Akaoa, akapata mtoto wa kiume.

Hadithi hii watoto wataipenda, kwa kuwa inachekesha na kutisha pamoja. Lakini faida yake ni zaidi ya hapo. Inaonyesha kuwa watu wa ng'ombe na watu wa mji walikuwa wakiuziana vitu, wakitembeleana na kuoana. Udugu ulitangulia, fitina ikaja nyuma yake.

Hadithi ya pili ni ya mkoma. Mfalme aliwakodi Wasanye na Wadahalo, watu wa mwituni mabingwa wa mishale, akawaahidi reale mia wakimletea kichwa cha Liyongo. Wakafanya kikoa cha makoma: kila siku mtu mmoja apande mti na kuwaangushia wenzake matunda. Nia yao ilikuwa zamu ya Liyongo ifike, naye akiwa juu wampige mishale. Zamu yake ilipofika hakupanda. Alitwaa uta wake akayaangusha makoma kwa mishale, wakala wote wakashiba. Wakaona mtu huyu hawamwezi, wakarudi kwa mfalme mikono mitupu.

Wako watakaosema hadithi hii iachwe, kwa kuwa inawataja Wasanye na Wadahalo kwa ubaya. Sisi twasema itiwe, ila isimuliwe yote. Msimulizi mvivu husimulia habari ya wapiga mishale akaisahau ile fedha. Nani aliyetoa reale mia? Hakuwa Msanye wala Mdahalo. Fedha ilitoka jumbani. Maskini wa mwituni alitumwa, na tajiri wa mjini akabaki na mikono safi. Mtoto akisoma hivyo atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa maisha yake yote.

MKATE WA WISHWA

Hatimaye Liyongo alikamatwa, akafungwa kwa minyororo, akawekewa walinzi usiku na mchana, kauli ya mfalme ikiwa auawe. Na hapa ndipo tunapoifikia hadithi ya tatu, ambayo kwa maoni yetu ndiyo kiini cha kitabu kizima.

Kila siku mamake alimpelekea chakula gerezani kwa mkono wa kijakazi wake, Saada. Na kila siku walinzi walikitwaa chakula kizuri wakakila wao, wakamwachia mfungwa makombo. Liyongo akatunga wimbo, akamwimbia Saada, nao ulikuwa ujumbe uliofichwa ndani ya tungo: mama aoke mikate mizuri, kisha aoke na mkate mmoja wa wishwa, na ndani ya huo wa wishwa atie tupa. Saada akaushika wimbo, akaufikisha bila kupunguza wala kuzidisha. Mbwasho akaelewa, akaoka. Walinzi wakaila mikate ya unga mzuri, na ule wa wishwa wakamtupia mfungwa kwa dharau. Akaumega, akaikuta tupa.

Alipoulizwa haja yake ya mwisho, Liyongo alitaka apigiwe gungu. Ikapigwa ngoma kubwa, pembe zikalia, matoazi yakagongwa, na yeye ndani akiimba na watu nje wakiitikia. Katika kishindo kile hakuna aliyesikia tupa ikikata chuma. Ngoma ilipokolea minyororo ilikuwa imekatika. Akatoka, akawaua walinzi, watu wakatawanyika, naye akakimbilia mwituni.

Ndugu msomaji, hebu tutafakari. Mwanamume huyu aliyeweza kubeba nyumba begani hakuweza kujitoa gerezani kwa nguvu zake. Aliyemtoa ni mama mzee aliyejua kuoka, na kijakazi aliyejua kuhifadhi maneno. Uta wake haukumfaa kitu siku ile. Kama watu wa Marekani wana mwanamke wao wa vikuku, sisi tunao wawili, nao hawakurukia mawingu. Silaha zao zilikuwa chano, unga na ulimi uliojua kunyamaza.

Tena tumtazame huyo Saada zaidi. Alikuwa mtumwa. Lau angekamatwa, hapana ngoma ambayo ingepigwa kwa ajili yake. Angeweza kuuza siri kwa mlinzi akapata nguo na dinari. Hakuiuza. Baada ya hapo utenzi haumfuati tena, wala hatuambiwi kama aliachwa huru. Kitabu chetu kimpe sura yenye jina lake juu yake. Ni haki yake, na ni deni la karne nyingi.

KODI YA WATU WA MTO

Hadithi ya nne haimo katika utenzi wa Kijumwa, na wengi wa mjini hawaijui. Katika masimulizi ya Wapokomo yaliyopata kuandikwa, Liyongo hatajwi kuwa ni shujaa tu. Anatajwa pia kuwa bwana aliyekuwa na nguvu juu ya nchi ya mto, akaitoza ushuru. Yule tunayemwimba sisi kwa gungu, wao walimjua kwa kodi.

Je, tuitie hadithi hii? Moyo wa mtu wa visiwani utasita. Nani apendaye kusikia shujaa wake alikuwa mzigo kwa jirani? Lakini mtoto wa Ngao akikifungua kitabu asikute sauti ya watu wake hata mahali pamoja, atakifunga, na atakuwa na haki. Isitoshe, Uislamu wetu umetufundisha kuwa ushahidi wa haki utolewe hata kama ni juu ya nafsi zetu au juu ya jamaa zetu. Mtu akiwa hodari, tuseme hodari. Akiwa alitoza, tuseme alitoza. Ushujaa wake hautapungua kwa kusema kweli, na heshima ya jirani itaongezeka.

Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, wimbo wake wa taifa ulipewa sauti ya wimbo wa Wapokomo wa kuwabembeleza watoto. Nchi nzima husimama wima kwa sauti ya mama wa Tana. Haiwezekani basi kitabu cha shujaa wa Tana kikakosa neno la Tana.

SINDANO NA KISIMA

Tumebakiwa na mwisho, na mwisho ndio mgumu.

Mfalme alipoona mishale imeshindwa na minyororo imeshindwa, alimgeukia mtoto wa Liyongo mwenyewe, yule aliyezaliwa na mke wa Kigala. Akamwahidi binti yake na cheo, ila kwanza amwulize babake ni silaha gani inayoweza kumwua. Kijana akaenda, akauliza. Liyongo alijua mara moja kuwa mtoto ametumwa. Hata hivyo akamwambia: ni sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kijana akarudi, akapewa sindano, akamchoma babake usingizini.

Liyongo aliamka na uchungu, akatwaa uta wake, akaenda karibu na kisima cha mji, akapiga goti, akautia mshale na kuuvuta uta. Akafa katika hali hiyo. Watu wa mji wakaogopa kuteka maji siku kadha wa kadha, wakidhani yu hai. Ikabidi waende kwa mamake wamwombe ende akamtulize mwanawe. Mbwasho akaenda, akambembeleza kwa mbali kama mtoto mdogo, wala hakujibiwa. Mwisho mwili ukaanguka, wakajua alikuwa maiti zamani. Yule kijana hakufaidi alichoahidiwa.

Hapa ndipo mchaguzi wa hadithi anapotakiwa awe mwangalifu kuliko mahali pengine popote. Kwa sababu wako wasimulizi wengine wanaosema aliyemchoma sindano hakuwa mtoto wa mke wa Kigala, bali alikuwa mtoto wa dada yake Liyongo, mtu wa nyumbani hasa. Ukifuata simulizi ya kwanza, usaliti umetoka kwa wageni. Ukifuata ya pili, umetoka ndani ya ukoo: kikulacho ki nguoni mwako.

Kwa msomaji wa mbali hiyo ni tofauti ndogo. Kwa mtu wa Ngao si ndogo. Mwaka 2012 na mwanzo wa mwaka 2013, katika delta hii ya Tana, Wapokomo na Waorma waliuana kwa ajili ya maji, malisho na siasa, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha, wanawake na watoto wakiwamo. Wote walikuwa majirani walionywesha na kulima kando ya mto mmoja. Katika nchi iliyoona hayo, hadithi inayosema kuwa damu ya kabila fulani ni damu ya hiana si ya kusimuliwa ovyo mbele ya watoto.

Je, tuifute? La, hasha. Kuifuta ni kusema uongo wa namna nyingine, na utenzi wa Kijumwa hautabadilika kwa kuogopa kwetu. Rai yetu ni kwamba simulizi zote mbili zipigwe chapa, moja baada ya nyingine, na mtoto aambiwe waziwazi kuwa wazee walihitilafiana. Ndipo yeye mwenyewe atakapogundua jambo moja ambalo halibadiliki katika simulizi zote mbili. Awe mtoto wa mke wa Kigala, awe mtoto wa dada, aliyemnunua ni mfalme. Ahadi ilitoka mahali pale pale zilipotoka reale mia. Mringwari hakushika mshale, wala hakushika sindano. Kila mara alimtafuta mtu wa kushika kwa niaba yake, na kila mara lawama ikabaki kwa aliyetumwa na kwa kabila lake.

JUZUU TUITAKAYO

Basi juzuu yetu ina hadithi tano, ya mwisho ikiwa na simulizi mbili: mkoba, mkoma, mkate wa wishwa na gungu, kodi ya watu wa mto, na sindano pamoja na kisima. Nyimbo zake zinazosemwa kuwa ni za gungu na za uta zitiwe nyuma, ziimbwe na wanaojua kuimba. Na kama mchoraji atapatikana, tungependa picha ya kwanza isiwe ya Liyongo na uta wake. Iwe ya Saada njiani, ana chano kichwani, na mkate wa wishwa uko chini ya mikate mizuri.

Maana mashujaa wenye nguvu hufa, hata kama ni kwa sindano. Fitina ya wakubwa haifi upesi, nayo kila zama hutafuta kijana wa kumnunua. Kinga yake ni watu wa namna ya Saada, wanaopewa siri na kuifikisha kwa mwenyewe bila kuiuza. Watoto wa Lamu wanawahitaji watu hao, na watoto wa Kipini, na watoto wa Ngao, wawe wa Kipokomo au wa Kiorma.

Wallahu aalam.